Gari Lililopita Kaskazini

Kwenye chumba cha kupokea simu za dharura walimwita Mama Dira, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Hata nyumbani, mumewe akiuliza chumvi iko wapi, hujibiwa, "Kusini mwa sukari." Mzee wa watu alishazoea. Huchungulia kwanza dirishani jua liko upande gani, ndipo anyooshe mkono.

Kazini hakuwa na mzaha. Barabara kuu imegawanywa katikati na ukuta wa zege unaomfika mtu kifuani, na gari la wagonjwa likiingia upande usio wake halina pa kugeuzia mpaka kilometa tisa mbele. Ndiyo maana alipiga marufuku "kushoto", "kulia" na "upande ule wenye kibanda". Kanuni za kazi aliziandika kwa mkono wake, akazibandika ukutani: uliza kaskazini au kusini, basi; na mhudumu asiruke ukuta.

Asubuhi hiyo simu aliipokea yeye mwenyewe. Binti mmoja alikuwa akilia. Gari lao limepinduka, baba yake amechanika paja na damu haikatiki.

"Kandamiza na kitambaa, mwanangu, usiachie. Nguzo ya kilometa inasema ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Mlikuwa mnaelekea kaskazini au kusini?"

"Mimi na hayo mambo wapi na wapi, mama! Ngoja niangalie kwenye simu." Akahangaika kidogo. "Kaskazini. Barabara mbele yetu inakwenda kaskazini."

Mama Dira aliridhika, tena sana. Akatuma gari upande wa magari yaendayo kaskazini, akabaki na binti kwenye simu, wakihesabu pamoja pumzi za baba. Zilikuwa zikififia.

Dakika ya kumi na moja king'ora kilisikika ndani ya simu.

"Wamekuja! Baba, wamekuja!" Kisha sauti ikabadilika. "Mama, mbona wako ng'ambo ya ukuta? Mama, wanapita!"

Mama Dira aliinuka kitini. "Kwani nyie mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Bandarini!"

Bandari iko kusini. Hapo ndipo alipokumbuka kona ya machimbo, hapo hapo kilometa ya arobaini na mbili, ambako barabara inauzunguka mlima na anayekwenda kusini hutazama kaskazini kwa karibu kilometa nzima. Kona hiyo aliijua kwa miaka kumi na tisa.

Aliikwapua redio. "Simama hapo hapo! Mgonjwa yuko ng'ambo. Rukeni ukuta na machela!"

"Kanuni hairuhusu, mama," dereva akasema.

"Kanuni niliiandika mimi. Ruka!"

Alisikia breki, honi, matusi ya madereva, viatu vikikanyaga vioo. Kisha hakusikia kitu, na hakuthubutu kuuliza.

"Wamemfunga jeraha," binti akasema hatimaye, sauti imemkauka. "Anapumua. Asante, mama. Bila wewe sijui ingekuwaje."

Angeweza kunyamaza. Lakini akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyewapitisha. Sikukuuliza mnakwenda wapi."

"Ungeniuliza tu," binti alisema, bila hasira. "Hilo ndilo pekee nililokuwa nalijua."