Nilivyomtafuta baba wa Mama yangu hadi Wales kwa kifuniko cha sanduku

Wakuu, heshima kwenu, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika.

Nimekuwa msomaji wa humu kwa miaka, nyuzi zenu nazila kimya kimya bila kuchangia hata neno. Leo na mimi naleta changu.

Haya yametokea nyumbani kwangu. Mama mwenyewe ndiye kaniruhusu kuyaandika, na ameshanionya kwamba nikitia chumvi atanisuta, maana amekaa hapa kwenye kochi akisubiri nimsomee komenti zenu moja moja.

Ni ndefu kidogo. Vuteni viti.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Naishi Germantown, Maryland, na mke wangu Esperance, mwenyeji wa Bukavu. Binti yetu Neema anasoma chuo pale College Park. Mama yangu, Bi. Zaina, yuko nasi huu mwaka wa sita. Mama ni Mwislamu, mke wangu ni mtu wa kwaya, kila mmoja na sala yake na sufuria moja. Tunaishi vizuri.

Mama ana miaka sabini na kitu. Ni chotara. Baba yake alikuwa mzungu.

Hili kwetu halikuwa siri, ila halikuwa mazungumzo pia. Utotoni nilijua tu kwamba Mama alitaniwa sana shuleni, na kwamba mtu akimuuliza kuhusu baba yake anaondoka kwenda kuangalia jiko, hata kama hakuna kilichobandikwa.

Basi. Mwaka juzi nilimpeleka kwa daktari wa moyo huku Wheaton, karibu na ninapofanya kazi (nahudumia wazee kwenye kituo). Wakatupa ile fomu ndefu. Magonjwa ya ukoo, upande wa mama, upande wa baba.

Upande wa mama tukajaza. Upande wa baba Mama akaniambia, "Andika hajulikani."

Nikaandika.

Wakati wa kurudi tukakwama kwenye foleni ya barabara kuu ya 270, mvua inanyesha. Mara Mama akauliza, macho yake yakiwa dirishani:

"Hivi, unadhani alinisahau?"

Wakuu, mimi mtu mzima na ndevu zangu, nilijifanya nashughulika na wiper. Mwanamke huyu amenizaa, amenilea, amenizikia baba yangu, na kumbe muda wote huo alikuwa na swali moja tu na hakuna aliyewahi kumuuliza analo.

Siku hiyo nikaamua nitamtafutia jibu.

Ngoja niwape historia kidogo, maana bila hii hamtaelewa mbele.

Bibi yangu alikuwa akiishi jirani na shamba la mkonge. Yule mzungu alikuwa fundi wa mitambo pale korona. (Msishtuke, korona ndivyo tulivyoiita mitambo ya kuchakata mkonge, kabla jina halijaharibiwa.) Watu walimwita Bwana Daudi.

Kuna kisa kimoja tu ambacho Bibi alikuwa anakubali kukisimulia kuhusu yeye, na alikuwa anakisimulia huku anacheka. Siku ya kwanza Bwana Daudi alipofika kwao, aliingia uani moja kwa moja kama anaingia dukani. Bibi akamtoa na fagio. Akamwambia kwa watu haingiwi hivyo. Yule mzungu akarudi mpaka barabarani, akavua kofia, akapiga hodi, akasimama pale juani mpaka Bibi alipoona sasa inatosha, ndipo akamkaribisha.

Bibi alisema tangu siku hiyo hakuwahi kuingia bila kupiga hodi na kusubiri ajibiwe. Hata baada ya Mama kuzaliwa na ile nyumba kuwa kama yake. Anasimama mlangoni anangoja.

Mkataba wake ulipoisha akaondoka, Mama bado anatambaa. Alisema atarudi. Hakurudi, na barua haikuja.

Alichoacha ni sanduku la mbao la vifaa vyake vya kazi. Bibi akalifanya la kuwekea kanga. Mpaka leo liko Muheza kwa binamu yangu.

Nilimwomba binamu anipigie picha. Kwenye kifuniko kuna maandishi ya rangi nyeupe, yamefifia lakini yanasomeka. Mstari wa juu: D. JONES. Mstari wa chini: PENGRAIG.

Tukajua kwa hiyo ni Jones. Ule mstari wa pili mimi nikauchukulia ni kiwanda kilichotengeneza sanduku, kama zile sufuria zenye jina la kampuni kitakoni. Nikaupuuza. Kumbukeni hilo kosa.

Neema akamnunulia bibi yake kipimo cha DNA, kile cha kutema mate kwenye kichupa. Mama aligoma wiki nzima, anasema hajalelewa kutema mate mbele ya wajukuu. Mwishowe alikwenda nacho bafuni akajifungia.

Majibu yalipokuja, upande mmoja Tanga tupu. Upande mwingine: Wales. Sehemu ya pwani, magharibi huko.

Na kulikuwa na mtu mmoja, mwanamke, kwenye orodha ya ndugu. Mtandao unasema ni ndugu wa karibu sana. Anaitwa Nesta. Kwenye ukurasa wake kaandika jina la kijiji chake tu, kijiji kidogo cha baharini, na kwamba alizaliwa hapo na hajawahi kuhama.

Nikasema kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza naenda kuiharibu.

Wakuu, ninyi mnajua tulivyolelewa. Huwezi kumvamia mtu mzima usiyemjua na jambo zito. Unaanza na salamu. Unauliza afya, unauliza watu wa nyumbani, unamtaja Mungu, ndipo polepole unasogea kwenye habari yenyewe. Nikaandika barua ya heshima, kwa Kiingereza changu kile cha kidato cha nne. Nikaanza na "Dear Beloved Sister". Nikaulizia hali yake na ya familia yake. Nikasema nimempata kwa neema ya Mungu, kwamba nina jambo muhimu sana la kifamilia linalohusu marehemu, kwamba si vizuri kulieleza kwa maandishi, na kwamba naomba namba yake ya simu.

Nikatuma, nikajipongeza.

Siku ya tatu nikaenda kuangalia. Bibi wa watu kaniblock.

Nikamwonyesha Esperance ile barua nikimlalamikia kuhusu roho za wazungu. Aliisoma mara mbili. Akakaa chini. Akasema:

"Chéri, hii lettre ulituma kwa mumama muzee? Mimi ningekuwa yeye, ningeita police."

Nilinuna. Lakini niliposoma tena kwa macho yake jasho likanitoka. Marehemu, neema ya Mungu, jambo la siri, naomba namba yako. Hata mimi ningejiblock.

Mbaya zaidi ilikuwa kumwambia Mama. Nilimwambia tu kwamba yule mama hajajibu. Mama akasema si kitu, akaenda jikoni kuangalia jiko.

Nilijichukia, wakuu. Nilikuwa nimepata mlango mmoja tu duniani na nimeubamiza mwenyewe.

Miezi kama miwili hivi nikahangaika na jina la D. Jones kwenye mtandao. Kumtafuta Jones Wales ni sawa na kumtafuta Juma Tanga. Nilikutana na Jones wachungaji, Jones mabaharia, Jones wa kila aina.

Esperance ndiye akasema niache majina, nitafute kijiji. Kumbe kile kijiji kina kikundi chao mtandaoni, wanaweka picha za zamani na matangazo ya paka waliopotea. Safari hii akaandika yeye, kwa jina langu. Mistari mitatu: babu yangu alikuwa fundi Tanganyika zamani, aliacha sanduku hili, tunaomba kujua kama kuna anayemfahamu. Na picha ya kifuniko. Hakuna Mungu, hakuna marehemu.

Nilikuwa namwogesha mzee mmoja kazini simu ikaanza kutetemeka mfukoni bila kukoma.

Mtu wa kwanza tu kuandika akaeleza kila kitu. Akasema pale kwao karibu nusu ya watu ni Jones, jina hilo halimtambulishi mtu yeyote. Kwa hiyo mtu huitwa kwa jina la nyumba yake. Pengraig ni nyumba. Ni ile nyeupe kilimani, juu ya kanisa, inatazama bahari, na Nesta bado anaishi humo.

Nilikaa kwenye ngazi za dharura pale kazini nikacheka peke yangu. Miezi yote hiyo! Mtu wa Muheza kabisa, niliyekua nikiulizwa "wewe ni wa kwa nani?", nimeshindwa kuelewa kwamba mtu aliandika kwake ni wapi. Bwana Daudi alikuwa ameacha anwani yake kwenye sanduku, na sisi tumekuwa tukitoa kanga humo miaka yote.

Jioni yake Nesta akaandika mwenyewe. Sentensi moja: huo ni mwandiko wa baba yangu, ninyi ni akina nani?

Tukamweleza yote, hata ile barua yangu, tukapanga kuongea kwa video Jumamosi, asubuhi kwetu, kwao mchana.

Mama aliamka alfajiri. Alivaa kanga mpya, akatia wanja, akatandika meza kana kwamba mgeni anakuja kwa miguu. Neema alikuja kutoka chuoni. Nikaweka laptop juu ya vitabu vya simu ili Mama asiinamishe shingo.

Ikafunguka. Bibi wa kizungu, mvi fupi, amevaa sweta, na paji la uso la Mama yangu. Sisemi wanafanana. Nasema ni paji lile lile.

Neema akasema tu, "Oh my God, Bibi."

Wakaangaliana, kila mmoja akajishika kichwani, mkono huo huo.

Mimi nilikuwa mkalimani. Nesta alianza kwa kuomba radhi kwa kuniblock, nami nikaomba radhi kwa barua, tukacheka. Akaonyesha picha ya baba yao. Akasema alirudi kutoka Afrika, akaoa, akafungua karakana ya injini za boti pale gatini, akafa zamani. Mtu mkimya.

Mama akaniambia, "Muulize kama aliwahi kunitaja."

Nikauliza.

Nesta akasema hawezi kumdanganya dada yake siku ya kwanza. Hapana. Hakuwahi kumtaja. Tangu alipoona picha ya sanduku amepekua kila karatasi ya nyumba ile na hakuna kitu. Alikuwa analia.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Mwambie asilie. Mwambie ahsante kwa kusema kweli." Akaanza kukunja pindo la kanga yake, na mimi nilitamani niifunge ile laptop nimkumbatie.

Nesta hakutaka tuachane hivyo. Nadhani alikuwa anatafuta chochote cha kutupa. Akaanza kutueleza vituko vya baba yake. Kwamba alikuwa nadhifu, hakunywa chai bila tangawizi. Kwamba alikuwa na kituko kimoja kila jioni akitoka karakana. Hakuwa anaingia nyumbani kwake moja kwa moja. Mlango uko wazi, lakini anasimama nje, anavua kofia, anasema neno moja, halafu anasubiri. Mama yake Nesta alikuwa anampigia kelele aingie baridi isijae ndani. Yeye anasimama kidogo tu, kama anasikiliza, ndipo anaingia. Alifanya hivyo maisha yake yote. Watoto walimuuliza, akasema ndivyo watu wanavyoingia kwa watu.

Nikamuuliza ni neno gani.

Akasema, "Hodi."

Wakuu, sikutafsiri. Haikuhitajika.

Mama aliacha kukunja kanga. Alisogea karibu kabisa na kioo, akaishika laptop pande zote mbili kwa mikono yake miwili, na akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Karibu. Karibu baba. Pita ndani."

Halafu akalia. Sijawahi kumwona Mama akilia vile, hata msibani kwa mzee. Esperance alikuja akapiga magoti akamshika miguu.

Nesta akauliza kwa woga amesema nini. Nikamweleza kwamba neno lile lina jibu lake, na Mama amelijibu.

Nesta akasema, "Hakutuambia kama kuna jibu."

Ni hivyo, wakuu. Tangu siku ile Nesta anapiga kila Jumamosi. Kiswahili hajui, ila akitokea kwenye kioo anaanza na neno lile lile la baba yao, na hasemi kingine mpaka Mama amjibu. Juzi kwa daktari tulipewa fomu mpya. Upande wa baba nilijaza mstari mzima, na Mama alikagua herufi kwa herufi ingawa Kiingereza hasomi.

Nilichojifunza: kama una mzee nyumbani, muulize ana swali gani kabla ya kumpa majibu ya mambo ambayo hakuuliza. Msidharau maandishi yoyote kwenye vitu vya zamani. Na mkiwaandikia wazungu, andikeni fupi, au mpeni mke wangu aandike.

Kama kuna mwenye kisa cha namna hii, au ndugu wa damu aliyepotea nchi za watu, tuelezane. Mama anasikiliza.

Jambo la mwisho. Nilipojiunga humu miaka ile niliingia tu kama mwizi, sikusema lolote kwa mtu. Mama amesikia hivyo sasa hivi na amekasirika, anasema Bibi angenitoa na fagio.

Kwa hiyo narudi mpaka mlangoni, nimevua kofia.

Hodi, wakuu.