Mwanamke wa Sinema Aliyefichwa na Mume Wangu

Leo nimejua mzee wangu alinidanganya tangu miaka ya sabini, kwa ajili ya mwanamke wa sinema.

Tulikuwa tumeoana juzi tu. Gari la sinema likaja Nyaramba, tukakaa kwa nyasi. Kizungu sijui, yeye akawa ananifasiria.

Mwanzo ilikuwa mapenzi na kicheko tupu.

Halafu yule mwanamke akatia unga kwa chai ya mchumba wake. Nikauliza ni nini.

"Sukari."

Mwanaume akaanguka.

"Amechoka, amelala."

Polisi wakaja.

"Wamealikwa harusi."

Nikaamini. Nyinyi mnacheka nini?

Leo namsikia akiwasimulia wajukuu: "Alikuwa muuaji, lakini mrembo ajabu."

Nikamwuliza, "Baba Kemunto, mbona ulinificha?"

"Ungejua ni muuaji, ungenikataza kwenda kumwona tena kesho yake, gari la sinema lilipoenda Magwagwa."

Kumbe ndiyo siku aliyoniambia anaenda kumwona mjomba mgonjwa! Na mimi, mjinga, nikambebesha ndizi za mgonjwa.

Wanawake wenzangu, msinitulize. Moto wa jikoni nimeuzima. Mwenye kumhurumia aje ampikie.