Kaka na Mlio wa Kibodi Zake

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi. Hapana, kumi na mbili, maana kaka alikuwa ameshastaafu uchapaji. Alikusanya kibodi za kompyuta kuukuu, zile nzito zenye springi chini ya kila kitufe. Kila moja aliiita kwa jina la ofisi iliyoitupa, na alizitofautisha kwa mlio tu. Mwaka ule masikio yakaanza kumtupa mkono.

“Siku nikikosea,” alisema, “nazigawa zote nikae kama gogo.”

Kila asubuhi aliipa meza mgongo, shemeji, mkewe, akabofya kibodi moja, naye akaitaja.

Siku moja akasema, “Hiyo ya benki.”

Nami naona vidole vya shemeji viko juu ya ile ya posta! Shemeji akanikazia macho.

“Umepatia, mume wangu.”

“Na wewe mdogo wangu, mbona kimya? Umemeza kitufe?”

“Umepatia, kaka,” nikasema.

Akaomba chai. Hakutaka kujaribiwa tena, wala hakugawa hata moja. Nimemuuliza shemeji mara nyingi, naye huzifuta kibodi vumbi tu: hivi kaka alijua kwamba tulimdanganya?