Ngano Niliyoitolea Ushuhuda

Kazi yangu maabarani ni kuotesha ngano kutoka vipande vya majani, ndani ya chupa. Baada ya miezi mingi, mche mmoja ulikubali. Unatakiwa kuhamishiwa kwenye udongo uliopikwa kwa mvuke, ili udongo usibaki na mbegu yoyote hai. Mimi, mjuaji, nikatumia udongo mweusi wa kwetu Molo, vile ulivyo. Mche ukalegea. Nikauombea, na wiki ya pili nikaona majani mapya. Nilitoa hata ushuhuda kanisani, mtaani Rhonda.

Jana bosi aliwaleta wakulima wa Keringet wauone mche wangu. Mathe mmoja, mama mzee kati yao, akainama, akashika jani.

"Kijana wangu, hii ni nyasi tunakatia ng'ombe."

Halafu akaokota kijiti kikavu kando ya nyasi hiyo, akanikabidhi taratibu.

"Ngano yako ndiyo hii. Pole."