Ndugu Watano wa Hungaria

Jumamosi, 14 Juni. Baridi kavu. Jua limetoka lakini halipashi kitu.

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa, tena na mimi niliyeishia darasa la saba. Mwezi ujao tunahamia chumba kimoja, hapa hapa Bellevue, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema albamu ya stempu iuzwe. Kilichomuuma ni ukurasa mmoja tu: stempu tano za Hungaria, alizopewa na daktari Mhungaria enzi zile yeye mume wangu yuko uhamishoni kwetu Morogoro akipinga makaburu, ndiko alikonioa. Serikali ya kikomunisti iliyozitoa, anasema, haikufika hata miezi mitano. Kila stempu ina sura ya mtu: wawili wana ndevu tele, mmoja mshairi, mmoja padri, mmoja aliongoza wakulima kuasi, mabwana wakamuua. Alitamani zibaki kwa binti yetu, ila kumwuliza aliogopa. Akisema hazitaki, je?

Mnunuzi alikuja asubuhi, Mkongomani mwenye kibanda cha vitu vya zamani kule Malvern, Biblia kwapani. Akafunua albamu polepole mpaka ukurasa ule, akaigusa stempu moja.

"Hii tembre iko muzuri, papa. Huyu wa ndevu ni nabii?"

"Huyo ni ndugu," mume wangu akajibu.

"Ndugu wa kanisa gani?"

"Hakuwa na kanisa. Angekuona na Biblia yako angevuka barabara."

Mnunuzi akacheka sana. Lazima niseme, bei yake ilikuwa ya haki.

Binti yetu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kiswahili anakisikia, kukisema hukosea hapa na pale. "Eish, Baba. Unauza ndugu zako?"

Tukadhani anatania. Kumbe tangu mdogo alikuwa akimsikia baba yake akifika ukurasa ule anasema, "Hawa ndugu zangu." Kule Morogoro ndugu ni yeyote mliye naye kwenye mapambano. Mtoto kaelewa ndugu wa tumbo moja.

"Weupe vile?" nikamwuliza.

"Familia zina siri, Mama. Shuleni nilisema anko wangu ni padri."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akauliza, taratibu, huku anaangalia meza, "Sasa umejua si wa damu. Bado unawataka?"

Binti akafikiri kidogo. "Huyo wa ndevu nimemsalimia miaka yote. Niachie hao."

Labda anawataka kweli, labda alimwonea baba yake huruma. Siwezi kuapa kwa lolote kati ya hayo. Mnunuzi hakunung'unika. Aliutoa ukurasa mwenyewe, akampa binti kwa mikono miwili, akaondoka na albamu. "Sharp, mama," akaniaga mlangoni kwa lugha ya mitaa ya huku.

Jioni tulikula pap, ugali wa huku, na majani ya maboga, na dagaa niliowakaanga kwa nyanya. Ukurasa ulikuwa juu ya friji. Mume wangu alitaka tuuweke mezani, binti akakataa, eti mchuzi utawarukia wajomba.

"Baba wakubwa," mume wangu akamsahihisha, akaongeza dagaa.