Mbuzi Niliyempiga Picha Mchesi

Naungama mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi. Nilizaliwa na kukulia mjini Bukavu, na mbuzi nilizoea kumwona akiwa kwenye sahani. Hilo sikumwambia direkta wa shule aliponipa darasa la sayansi la watu wazima, kwa siku moja ya majaribio.

Nilitaka kueleza jinsi wanyama wanavyopangwa katika makundi. Nikaenda Lilongwe, na sokoni Mchesi nikapiga picha mbili kwa simu: kondoo mwenye manyoya mazito, na mbuzi mwekundu mwenye nywele fupi. Nikazichapisha kubwa, za rangi.

Siku ilipofika, direkta aliketi nyuma. Nikabandika picha ubaoni, nikaeleza kwamba wanyama hawa ni wa familia moja, lakini jenasi zao ni mbili tofauti. Darasa lilikaa kimya kabisa. Nikadhani wamevutiwa, nikazidi kupaza sauti.

"Nani ataniambia tofauti anazoziona?"

Mama Jenerosa, Mrundi aliyechunga mifugo tangu utotoni, akainua mkono taratibu.

"Mwalimu, pole. Mbuzi iko wapi?"

Nikamgusa yule mwekundu kwa fimbo.

"Hapana. Mkia ya mbuzi inasimamaka juu. Ya huyu inaanguka chini. Bote babili njo kondoo." Wote wawili kondoo!

"Njo vile," darasa zima likaitikia. Kumbe walikuwa wakinionea huruma tangu mwanzo.

Direkta akasimama. Nikadhani anakuja kuniokoa. Akachukua chaki mkononi mwangu, akampa Mama Jenerosa.

"Mama, kuja hapa mbele, utufundishe."

Nikaenda kukaa kwenye benchi lake, nikafungua daftari.