Muhogo Uliotolewa Majini Mapema

Kuna siku moja ya kijiji cha Munigi, mwanangu, ambayo nimezunguka nayo Kivu nzima na bado haijanitoka. Nilikuwa kijana, nimetoka Vitshumbi, nimepanga chumba jirani na Mama Neema. Asubuhi hiyo binti yake aliamka miguu imekakamaa, hawezi kusimama. Kabla ya mchana mtaa ulikuwa umeshaamua: ni karuho, sumu ya kulishwa. Aliyetajwa ni Mama Kavira, mjane wa jirani aliyempa mtoto uji.

Nami nilimshuku. Unajua kwetu, mtu akikupa kinywaji bila kukionja kwanza, unakiweka chini polepole.

Vijana walikuwa wakimtolea mjane vyombo nje walipofika madaktari watafiti kutoka Kinshasa waliokuwa wakipita vijijini. Waliomba mkojo wa mtoto na unga wa muhogo wa nyumbani.

“Mukojo?” mzee mmoja akauliza. “Ya Kinshasa imeisha?”

Watu walicheka, lakini hakuna aliyewapisha. Daktari mmoja alieleza kwamba muhogo mchungu una sumu inayodhuru mishipa ya fahamu. Inaidhuru vipi hasa, hilo ndilo walilokuwa bado wakilichunguza.

“Haujue, na unatufundisha,” kijana mmoja akasema.

Daktari hakukasirika. Aliuliza tu kama muhogo ule ulilowekwa mpaka ukalainika. Munigi ni mawe ya volkano matupu; maji hununuliwa kwa bidoni, dumu kwa dumu.

Mama Neema angeweza kunyamaza, na mjane angefukuzwa.

“Mumuache ule mama,” akasema. “Muhogo nilitoa mu maji ikingali ngumu. Maji ilitosha ya kunywa tu. Na tulikula ile unga mwezi muzima, bila maharage, bila samaki.”

Akaingia ndani, akawaletea madaktari unga mwenyewe. Vijana wakarudisha vyombo bila kumtazama mjane. Neema, binti yule, anatembelea fimbo hadi leo. Mama Kavira alihama juma lile lile, na simlaumu.

Mwanangu, sikwambii uache kushuku. Shuku unga, shuku maji, muulize daktari mpaka achoke. Lakini usimtaje mtu kabla hujachunguza sufuria yako mwenyewe. Loweka muhogo mpaka uvunjike mkononi, hata kwa maji ya kununua, na usiule peke yake siku zote. Mungu akulindie miguu yako, na siku utakapoulizwa mbele ya watu, akupe ulimi wa mama yule.